Kisanduku cha Khairat Kwenye Friza ya Mama

Nairobi, Jumatano 13 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Najua ungependa nipige simu, lakini juzi tulipigiana kelele dakika kumi nzima na ulichosikia ni salamu peke yake, mpaka jirani yangu akagonga ukuta. Masikio yako yameshaikataa simu, basi. Nakuandikia kwa herufi kubwa kama unavyotaka, na barua naiweka juu ya kisanduku hiki. Atakuletea Wakio, yule rafiki yangu niliyesoma naye Wundanyi. Siku hizi ni mtu wa afya ya mifugo hapo Voi.

Nina ombi. Friza ya ofisini kwao imekufa na mpya haijafika. Naomba kisanduku kikae kwenye friza yako. Ndani mna vichupa sita, kila kimoja hakizidi kidole chako cha mwisho. Wakio atakuja kila Jumatatu asubuhi kuchukua kimoja.

Utaona neno "virusi" limeandikwa juu yake. Usishtuke. Homa ya Bonde la Ufa huletwa na kirusi, na kirusi hicho hakiingii mwilini mpaka ngozi yake iungane na ngozi ya seli zetu. Kuna protini moja inayofanya kazi hiyo ya kuunganisha. Sisi hapa maabara tumechukua maagizo ya protini hiyo peke yake, tukazipa seli za wadudu zitutengenezee. Kirusi chenyewe hakimo. Hata ukiinywa hutaugua, ingawa tafadhali usiinywe. Kazi yake ni hii: damu ya mbuzi aliyepata homa hiyo huitambua na kuishika, na kipimo kinageuka manjano. Damu ya mbuzi mzima haiishiki, kipimo kinabaki cheupe.

Mvua imeleta mbu, na kule Maungu mbuzi wanatupa mimba. Mbuzi wa mzee Kituku, mfugaji wa huko, wamezuiliwa wasitoke bomani mpaka wapimwe, na najua ndugu yangu Hanif ameshaagiza wanane kwake kwa ajili ya harusi yake. Mama, ugonjwa huu binadamu huupata kwa damu na maji ya uzazi ya mnyama, na wako wanaokufa. Ndiyo maana nakusumbua.

Kisanduku kikae kwenye friza, Wakio atakijia. Ni hayo tu.

Mwanao,
Khairat

*

Voi, Jumatatu 18 Machi

Khairat mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, saumu yaenda, ila joto la Voi wewe umeshalisahau. Wakio alikileta kisanduku, kanisalimu kwa adabu, nikamfungia kaimati apeleke kwao. Alikataa, ati aona haya kupokea chakula kwa mtu aliyefunga. Mtoto mzuri, wallahi. Leo asubuhi kaja tena, kachukua kichupa chake, kakigonga kwa ukucha, kimeganda kama jiwe. Kaenda zake anacheka.

Maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Nimeelewa: si kirusi, ni kipande cha kirusi. Sasa mwanangu, kipande cha nguruwe si nguruwe? Usinicheke. Nakuamini wewe na elimu yako, lakini nyumba hii yafuturisha watu. Wakwe wa Hanif, jamaa za mchumba wake Firdaus, waja karibu kila siku, na friza imejaa sambusa na maji ya ukwaju. Wewe usiwe na wasiwasi. Chakula chetu na kisanduku chako havikai pamoja hata dakika moja. Nakitunza kama mboni ya jicho.

Nikaha ni Jumamosi tarehe kumi na tatu Aprili. Hanif amenuna, asema mbuzi wake wamefungwa bomani kama wezi na dada yake mwenyewe ndiye mwenye ufunguo. Aniambia nikwambie uharakishe. Mimi nakwambia ufanye kazi yako vizuri, na uharakishe.

Mama yako,
Mwanamvita

*

Kwa barua pepe
Voi, Jumatatu 25 Machi

Msomi wangu,

Habari ya Nairobi? Huku tope mpaka kwa magoti. Nimemaliza mbuzi wa Kituku wote arobaini na wawili. Wote weupe. Hakuna hata mmoja wa manjano.

Kusema ukweli sijafurahi vile nilifaa kufurahi. Kituku ananiambia mimba sita zimetoka tangu mwezi uanze. Halafu kuna ile damu yetu ya mfano, ya yule mbuzi tunajua aliugua. Wiki jana ilitoa manjano imekoza, ya kiini cha yai la kienyeji. Leo imefifia, lazima uinamishe sahani ya kipimo kwa dirisha ndiyo uione. Mashine imeisoma juu ya mstari, lakini juu kidogo tu, ya kuomba radhi. Vichupa nimevikuta vimeganda sawasawa, sioni kosa langu liko wapi.

Niandike safi, ama tungoje nirudie? Hanif amekuja ofisini mara mbili leo. Kituku naye amekaa kwa benchi hapo nje tangu saa mbili asubuhi, kofia mkononi. Yeye ndiye ananimaliza.

Wakio

*

Kwa barua pepe
Nairobi, Jumatatu 25 Machi

Wakio,

Sheria ya kipimo tuliiandika pamoja mimi na wewe: damu ya mfano ikiwa juu ya mstari, kipimo kimepita. Haikusema juu sana. Tukianza kusoma rangi kwa moyo badala ya mashine hatutamaliza kazi.

Vichupa havina neno. Mama ameniandikia kwamba amevitenga kabisa na chakula na anavitunza kama mboni ya jicho, na wewe mwenyewe umevikuta vimeganda. Kuhusu mimba, mbuzi hutupa mimba kwa sababu kumi nyingine. Hanif naye amenipigia mara nne tangu asubuhi, ati nina kinyongo na ndoa yake. Nimechoka kuitwa mchawi kwetu.

Andika safi. Mwambie mzee Kituku aende zake.

Khairat

*

Voi, Jumatatu 1 Aprili

Khairat mwanangu,

Mbuzi wamefika! Wanane, Jumatano iliyopita, wananuka uani kote na mimi nafurahi. Hanif amerudi kuwa mtoto wangu, acheka mpaka na paka. Ahsante.

Ijumaa mmoja wao alizaa kabla ya siku zake. Alikuwa akilia sana, maskini, na hapakuwa na mtu mwingine, basi Hanif mwenyewe kamvuta mtoto, kakunja kanzu mpaka magotini, mikono mitupu. Kitoto kilikuwa kimekufa. Nilimwambia aoge, kaoga. Kituku twasikia ana homa tangu Jumamosi, wasema malaria, na mbu hawa walivyo sishangai. Hanif naye jana hakula daku, kichwa chamuuma. Nimemwambia afungue, hataki, ati bwana harusi hafungui.

Jumamosi, usiku wa kuamkia ishirini na saba, nataka tuchinje mmoja, tufuturishe mtaa mzima. Nakuombea dua humo humo.

Na kisanduku chako kimenipa mazoezi ya uzeeni! Kila alasiri nikitaka kuingiza vinywaji na sambusa nakitoa, nakiweka kwenye beseni pale kivulini, hakigusani na chakula. Nikirudi tarawehe nakirudisha. Kufika asubuhi kimeganda kama kawaida. Tangu siku ya kwanza sijasahau hata mara moja. Nilijua ungependa kusikia.

Wakio amekwenda kwao Wundanyi kwa Pasaka, kaniachia maembe.

Mama yako,
Mwanamvita

*

Kwa barua pepe
Nairobi, Jumatano 3 Aprili

Wakio, nimekupigia mara tisa. Ofisini kwenu wanasema uko porini. Soma hii kabla ya kitu kingine chochote.

Barua ya Mama imenifikia sasa hivi. Kila alasiri amekuwa akikitoa kisanduku kwenye friza na kukirudisha baada ya tarawehe, ili kisikae na futari. Kila siku, Wakio. Mpaka ulipopima mbuzi wa Kituku vichupa vile vilikuwa vimeyeyuka na kuganda mara kumi na moja, kwa joto hilo la Voi.

Unajua maana yake. Protini ile ina umbo lake, na damu ya mbuzi huitambua kwa umbo hilo. Ikiyeyuka na kuganda hivyo, umbo linavunjika, inashikana madonge. Kichupa ni kilekile na barafu ni ileile, lakini ndani hamna kitu cha kutambuliwa. Wale mbuzi hawakuwa weupe kwa sababu ni wazima. Kipimo kilikuwa kipofu, na wewe uliona.

Nina vichupa viwili vya akiba hapa. Nimevipakia kwenye barafu kavu, vinakuja na basi la saa nane. Vipokee mwenyewe stendi, usimtume mtu. Rudia damu zote arobaini na mbili.

Nimempigia Hanif. Sauti yake si yake. Anasema ni malaria, anasema nataka kumharibia harusi, kanikatia simu. Nenda nyumbani, nakuomba. Mama hasikii, mwandikie kwenye daftari lake. Wasichinje Jumamosi. Wasiguse mbuzi hata mmoja kwa mikono mitupu. Lakini usimwambie habari ya kisanduku. Hiyo niachie mimi.

Khairat

*

Kwa barua pepe
Voi, Ijumaa 5 Aprili

Khairat,

Thelathini na mmoja. Kati ya arobaini na wawili, thelathini na mmoja wamegeuka manjano, na manjano ya kukoza. Nimekaa na hiyo sahani mbele yangu nikashindwa hata kuiandika.

Boma la Kituku limefungwa tena, na wale wanane wa kwenu pia. Kituku yuko hospitali tangu jana, anatoka damu kwa ufizi. Mke wake, Nduku, anakaa hapo nje ya wodi na kila mtu mwenye koti jeupe akipita anainuka.

Kwenu nimefika. Nilimwandikia mama yako: "Mbuzi ni wagonjwa, msichinje." Akasoma, akaniangalia, akaandika chini yake: "Si ulisema ni wazima?" Nikaandika tumekosea. Akaandika: "Dawa ya Khairat haikuwa nzuri?" Nikajifanya naangalia saa. Hilo la kumficha umenipa wewe na silipendi.

Hanif amelala chumba cha nyuma, macho mekundu, mwili ni moto wa jiko. Ananiambia nimletee dawa ya malaria. Nilimwambia ukweli wa mbuzi mbele ya Firdaus, na Firdaus ndiye amempandisha gari kwa nguvu. Shukuru huyo msichana.

Na sasa nikuambie langu, kwa sababu likilala ndani litaoza. Nilikuuliza. Nilikuambia rangi imefifia, niandike ama ningoje, na wewe ukanijibu kama bosi. Mimi pia niliandika. Mkono ni wangu. Lakini nilikuuliza, Khairat.

Wakio

*

Nairobi, Ijumaa 5 Aprili

Mama yangu,

Wakio amenieleza kwamba Hanif yuko hospitali. Alhamdulillahi amefika mapema. Usimshike bila glavu, hata akilia. Ile kanzu aliyovaa siku ya mbuzi usiifue, ifunge kwenye mfuko mpaka Wakio aje. Kile kitoto cha mbuzi mlikitupa wapi? Mwonyeshe Wakio mahali penyewe.

Kipimo kilikosea. Mimi ndiye niliyekipitisha, kwa hiyo kosa ni langu. Nimeomba ruhusa nije, nimeambiwa nisitoke mpaka nimalize kuandika ripoti. Naandika na machozi yananidondokea kwenye karatasi.

Kuhusu kisanduku, kiache kilipo. Usijisumbue tena kukitoa.

Khairat

*

Voi, Jumatatu 8 Aprili

Khairat,

Kituku amefariki jana alfajiri. Leo alasiri wanamzika. Hanif yu hai, homa imeshuka, lakini asema macho yana ukungu. Hakuna harusi Jumamosi. Firdaus ameniletea uji hospitali.

Umeniandikia kipimo kilikosea. Kipimo hakina miguu wala mikono. Kilikosea vipi? Na kwa nini wanikataza kukitoa kisanduku sasa, wakati mwezi mzima hukunikataza? Nijibu, na unijibu mimi, si kupitia kwa Wakio.

Mama yako

*

Nairobi, Jumanne 9 Aprili

Mama,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimelia kwa ajili ya mzee Kituku na sijui nimwandikie nini mke wake. Ofisi imempelekea nakala ya ripoti, kama sheria inavyotaka.

Uliloniuliza ni jambo dogo la mitambo. Friza ilikuwa na hitilafu. Umeme hapo Voi unakatika na kurudi, barafu ikayeyuka bila mtu kujua, protini ikaharibika. Ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti. Hakuna wa kulaumiwa hapo nyumbani. Pumzika, Mama, umechoka. Kesho au keshokutwa ni Idi, na mwaka huu iende vile itakavyokwenda.

Mwanao akupendaye,
Khairat

*

Voi, Jumanne 16 Aprili

Khairat,

Friza yangu haina kosa. Ina miaka tisa na haijawahi kuyeyusha hata sambusa moja. Na umeme haukukatika Ramadhani nzima, muulize mtu yeyote wa Voi, sote tulikuwa twashangaa.

Nilipoisoma barua yako nilikaa kitako. Wewe hukuwa mtoto mwongo. Nikajiuliza, amdanganyia nani? Nikamwita Wakio, nikamkalisha, nikampa daftari na kalamu. Nilimwandikia: "Ni mimi?" Akaandika mambo ya mvua. Nikamrudishia daftari. Akaandika: "Kila ulipokitoa kilikuwa kinayeyuka." Basi akalia yeye, mimi nikamfuta kwa leso yangu.

Hanif yuko nyumbani tangu Ijumaa. Jicho la kulia ni zima. La kushoto laona pembeni tu, katikati pana giza. Asema akilifumba lile zima akanitazama, aona masikio yangu na mtandio, uso hauonekani. Daktari asema huenda likarudi, huenda lisirudi. Firdaus asema atamwoa vivyo hivyo, nami nikamwambia ni yeye aolewaye, akacheka, ndicho kicheko cha kwanza nyumba hii tangu Idi.

Sasa nisikize vizuri. Jana nilikwenda Maungu kumpa pole Nduku, mke wa Kituku. Nilimkuta amekaa chini, hali, hanywi, amekonda. Alisogea akasemea ndani ya sikio langu, na kila neno nililisikia. Alisema yeye ndiye aliyemuua mumewe. Siku mbili baada ya kuambiwa mbuzi ni wazima, mmoja alipokuwa akihangaika kuzaa, Kituku alikuwa amelala, amechoka. Yeye ndiye aliyemwamsha, akamwambia inuka ukamsaidie yule mnyama, wewe mwanamume gani. Akanionyesha ripoti yako, ameikunja ndani ya Biblia yake. Akasema friza haina akili, mbuzi hana akili, mwenye akili hapo ni mmoja tu, naye ni yeye aliyemwamsha.

Nilimwambia palepale. Nilimwambia kile kisanduku ni mimi niliyekuwa nikikitoa, kwa kuogopa neno lililoandikwa juu yake, na kwa kuwaonea haya wageni wangu wasile sambusa zilizolala na kirusi. Hakunitukana. Hakusema amenisamehe pia, wala mimi sikumwomba. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mbona karatasi haisemi hivyo?" Na karatasi ni yako. Niliona anadhani nimejitungia ili nimtulize.

Najua ulitaka kunisitiri. Mungu akulipe kwa nia yako, lakini sitiri yangu imemwangukia mwanamke mwingine, na yeye hana hata kosa.

Iandike upya. Andika kwamba Mwanamvita binti Ishaq alikitoa kisanduku kila alasiri. Andika kwamba wewe ulimwambia kikae kwenye friza na hukumwambia kwa nini kisitoke. Andika kwamba Wakio aliona rangi imefifia akauliza, na wewe ukamwambia aandike safi. Weka majina yote matatu, kamili, na muhuri wa ofisi. Itume kwa basi la kesho. Nitaipeleka Maungu kwa mkono wangu, nimsomee Nduku mstari kwa mstari, na nikimaliza nitakaa naye mpaka ale.

Mama yako,
Mwanamvita